Dole Gumba Lisilo na Mistari

Kufika saa saba mchana Dada alikuwa amemenya matufaha tisa, yamebaki mawili. Kila moja alilikata vipande viwili, akachokoa mbegu kwa ncha ya kijiko, akavipanga vipande juu ya kitambaa vikauke, maana tufaha lenye maji huharibu sukari. Unga alioukanda kwa siagi tangu alfajiri ulikuwa umelala kwenye friji. Akateleka kikaango kizito cha chuma, akatia siagi, akamwaga sukari, akapunguza moto. Sukari ilipoanza kuyeyuka pembeni na kutoa harufu, mama yake akaingia kwa mlango wa uani, akavua kandambili, akasema matufaha ya siku hizi ni maji matupu.

Mama alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuja. Wiki moja baada ya mazishi Dada alipika pai kama hii ya matufaha, ya kupindua, ili nyumba iache kunuka dawa, na mama akaja. Tangu siku hiyo mambo yakawa hayohayo: sukari ikiyeyuka anakuja, kipande cha mwisho kikiliwa anaondoka. Jirani aliyekuja siku moja kuazima pasi alimkuta kwenye kiti chake, akamwamkia, akaitikiwa, akachukua pasi akaenda zake. Alichosema baadaye ni kwamba marehemu amenawiri, na huko aliko bila shaka wanakula.

Ila marehemu huyu alikuwa na jambo moja la kuudhi: hakuongea ila mapishi. Ukimuuliza huko kukoje, anakwambia moto umezidi. Ukimuuliza kama amemwona baba, anakuuliza chumvi umeweka wapi. Dada hakusumbuka sana. Hata alipokuwa hai, mama hakuwa mtu wa kujibu maswali.

Siku hiyo mama aliuliza pai ni ya nani. Dada akamwambia kwamba Bosi anakuja saa tisa, yeye na mkewe, na wakili, na bwana mmoja muuza rangi anayeinunua nyumba. Watatia saini palepale mezani. Kesho saa tatu asubuhi muuza rangi atakuja kuchukua ufunguo, na yeye Dada atahama. Mama akasikiliza yote hayo, kisha akasema matufaha kumi na moja hayatoshi, Bosi anapenda yaliyobanana.

Bosi ni mdogo wake Dada. Jina hilo alipewa na mama akiwa na miaka minne, kwa sababu alikuwa akikaa kwenye kiti, miguu haifiki chini, anaagiza maji. Mtoto mwingine angechapwa. Yeye aliletewa maji.

Sasa tuyaseme yalivyo. Mama alipopooza upande wa kushoto, daktari alisema ni lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo utaoza. Dada ni fundi cherehani. Alihamishia cherehani yake kando ya kitanda cha mama, akawa anashona saa mbili, anageuza, anashona saa mbili, anageuza. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, unavuta pumzi, unageuza mara moja bila kusita. Ukisita mgonjwa anaumia. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Mchumba wake, mwalimu wa hesabu, alisubiri mwaka wa kwanza, akasubiri wa pili, wa tatu akaoa kwingine. Wala hakuwa na kosa.

Bosi alikuja mara mbili kwa mwaka. Alikaa kwenye ncha ya kitanda, akala, akamwambia mama anaendelea vizuri, akatazama saa. Mama aliongea juu ya ziara hizo mwezi mzima.

Lakini mama alikuwa na neno lake, na hilo alilisema mbele ya muuguzi, mbele ya jirani wa pasi, na siku moja mbele ya Bosi mwenyewe. Alisema, "Nyumba hii ni ya anayenigeuza." Bosi alikuwa anatafuna. Alitikisa kichwa kukubali, akasema ni haki yake kabisa.

Basi mama akafa alasiri moja, Bosi akiwa yupo, kwa bahati. Dada alikuwa ametoka kwenda dukani kununua uzi. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha, Bosi amesimama dirishani anajifuta mkono kwa leso. Wiki ya tatu baada ya mazishi ikajitokeza karatasi. Ilisema kwamba mama, kwa akili zake timamu, amempa nyumba mwanawe wa kiume, na chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, kwa wino wa zambarau, mistari yake imetulia, imezungukana, unaweza kuihesabu. Hapo ndipo Dada alipocheka. Alicheka mpaka wifi yake akamletea maji.

Alicheka kwa sababu mama hakuwa na mistari. Wanaoingia jikoni wangejua. Kwa miaka hamsini mama alipima pai yake kwa njia moja: alibonyeza kila tufaha kwa dole gumba likiwa ndani ya sukari inayochemka, aone kama limelainika. Alisema uma hudanganya. Sukari ya moto ikamla ngozi mwaka baada ya mwaka, hata dole likawa laini kama mgongo wa kijiko. Siku walipokwenda kuchukua kitambulisho, mashine ilimkataa mara sita, na karani akamwambia, "Mama, wewe huna kidole." Mwishowe wakatumia kile kidogo. Mama na Dada walirudi nyumbani wakicheka njia nzima. Bosi hakuwapo siku ile, na jikoni hakuwahi kuingia hata kufuata maji.

Dada alimweleza wakili yote hayo. Wakili alisema kila binadamu ana mistari. Dada akasema mama hakuwa nayo. Wakili akaomba kitambulisho. Kitambulisho Bosi alikuwa amekirudisha ofisini siku ya tatu baada ya mazishi, kabla hata nguo za mama hazijagawiwa, na ofisini wakasema rejista ya mwaka huo ililowa mvua. "Leta ushahidi, dada yangu," wakili akasema, na alisema kwa upole, maana mambo ya watu kutokuwa na ushahidi ndiyo kazi yake ya kila siku.

Ndiyo maana siku ile Dada alinunua matufaha. Hakuwa anamkaribisha mtu. Alikuwa anamwita mama, aje akae na wale watu meza moja, aseme.

Sukari ikageuka rangi ya asali, kisha rangi ya chai. Mama akasema bado. Dada akapanga vipande vya tufaha kwa mduara, migongo chini, vimebanana, kimoja katikati. Juisi ikatoka, ikachemka na sukari, mapovu mazito yakapanda polepole. Jiko zima likanuka kitu kilichokuwa karibu sana na kuungua.

"Mama," Dada akasema, "ile karatasi uliitia dole wewe?"

Mama akasogea karibu na moto, akakunja mkono wa gauni. Akaanza kubonyeza vipande, kimoja kimoja, mgongoni, akizamisha dole gumba lake ndani ya sukari inayotokota. Hakuwa na haraka na hakuumia, hata alipokuwa hai hakuwa anaumia tena. Alizunguka mduara mzima. Alipofika kipande cha katikati akakiruka.

"Hiki kina mwenyewe," akasema.

Dada akatoa unga kwenye friji. Akausukuma ukawa duara, akafunika matufaha, akakunja kingo ndani kama anayechomekea shuka, akatoboa matundu mawili ya mvuke, akatia kikaango kwenye oveni. Wakati pai inaiva alipiga deki, akafuta meza, akatoa sahani sita. Alikuwa na furaha, na siyo siri; alijikuta anaimba. Mama alimwambia aache kufungua oveni kila dakika.

Saa tisa wakafika. Wakili aliingia kwanza na mkoba wake, akamwona mama, akamwamkia, akamvutia kiti cha mbele. Muuza rangi alitazama dari, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akauliza kama marehemu ni sehemu ya nyumba. Akaambiwa huwa anaondoka mwenyewe. Wifi alimbusu mama shavuni na kusema amependeza. Bosi aliingia wa mwisho, akiwa na simu mkononi, akasimama mlangoni kidogo.

"Mama, umekuja," akasema.

"Umekonda," mama akasema.

Bosi hakuwa amekonda. Shati lilikuwa limembana hata vifungo vinalalamika. Akakaa.

Wakili akatandaza karatasi, akatoa kalamu, akaweka ile yenye alama ya dole juu ya nyingine. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akauliza kama marehemu amekuja kuweka pingamizi, ili aandike. Mama akasema pai itolewe kwanza, ikipoa kwenye kikaango itaganda. Wakili akakubali kwamba hilo ni kweli. Hata kwake ilishawahi kuganda.

Dada akatoa kikaango, akakiweka juu ya kitambaa, akasubiri dakika tano kwa saa ya ukutani. Wote walisubiri. Akafunika sinia juu ya kikaango. Mkono mmoja juu, mwingine chini, akavuta pumzi, akageuza mara moja bila kusita. Akainua kikaango. Pai ilishuka nzima, inang'aa, sukari inateremka pembeni taratibu.

Kila tufaha la mduara lilikuwa na shimo dogo la dole gumba, laini, halina mstari hata mmoja. Kipande cha katikati kilikuwa na dole pia, ila hilo lilikuwa na mistari, imetulia, imezungukana, kwa wino wa zambarau ambao moto haukuugusa. Kovu jembamba lilikatiza mistari hiyo upande mmoja. Bosi alijikata kwa kopo la maziwa akiwa na miaka tisa, na mama alimbeba mgongoni hadi zahanati.

Wakili akatoa lenzi mkobani. Akatazama karatasi, akatazama pai, akarudia. Akamwomba Bosi mkono, Bosi akautoa. Akatazama na huo.

"Ni lilelile," akasema. "La karatasini, la kwenye pai na la mkononi, yote ni moja. Na haya mengine ni ya mama, na kweli hana mistari. Dada alisema."

Dada akakaa. Alingoja mtu aseme kitu kikubwa.

"Ni langu," Bosi akasema. Alikuwa anajifuta dole kwa leso, maana lenzi ya wakili ilikuwa na vumbi. "Mama alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha."

"Alikuwa amekufa," Dada akasema.

"Ndiyo nasema. Alikuwa amelala kabisa." Kisha akamgeukia dada yake na kuongea naye bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. Akasema yeye ana watoto watatu na Dada yuko peke yake. Akasema mtu mmoja chumba kimoja kinamtosha, na cherehani haihitaji sebule. Wifi akaongeza kwamba wanamfikiria Dada siku zote, kila wakipita duka la vitambaa wanamkumbuka.

Muuza rangi akauliza kama hili litachelewesha.

Wakili alikuna kichwa. Akaeleza kwamba sheria inapokea karatasi, inapokea picha, inapokea hata kiatu. Pai haiwekwi kwenye faili, inavuja. Hata hivyo, akasema, hapana haja ya kufika huko, kwa sababu mwenye mali yupo hapa mezani na anaweza kuulizwa. Mama akisema neno moja tu, yeye wakili anaichana karatasi sasa hivi, na mwenye kunung'unika anung'unike. Akaifungua kalamu.

"Mama," akasema, "hili dole si lako. Una pingamizi?"

Muuza rangi aliacha kutazama dari. Dada alimtazama mama usoni, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama katika miaka yote ile, kwa sababu mtu anayegeuza mgonjwa hutazama mgongo. Neno moja. Hata kutikisa kichwa kungetosha.

Mama aliitazama pai. Akasema ikatwe ikiwa bado vuguvugu. Akachukua kisu mwenyewe, na badala ya kuanzia pembeni kama alivyomfundisha Dada, akachoma katikati. Akakata kipande kipana kuliko vyote, chenye sukari nyingi kuliko vyote, na lile tufaha lenye wino juu yake, akakitia kwenye sahani, akaisukuma mbele ya Bosi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Umekonda."

Bosi akala. Alianza na lile tufaha la katikati, akalimaliza kwa matonge mawili. Wakili alingoja mpaka akameza, kisha akaandika kwamba mwenye mali ameulizwa na hana pingamizi. Mama akakatia wengine. Wakili akapata kipande, wifi akapata, muuza rangi akapata na akasema hajawahi kula kitu kama hiki, nyumba yenye oveni ya namna hii siyo ghali. Bosi akaongezewa. Wakakubaliana wote kwamba sukari imefika palepale penyewe. Halafu zikasainiwa karatasi, na kila mahali palipohitaji dole gumba Bosi aliweka lake, safari hii kwa jina lake, wakili akimshika mkono asipake wino mezani.

Sahani ya Dada ilikuwa tupu. Kwenye sinia kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Aliponyoosha mkono, mama akakifunika kwa kiganja.

"Hiki mfungie mdogo wako," akasema. "Wewe unajua kupika. Utajipikia."

Dada akaleta foili, akakifunga. Nawaambia alikifunga vizuri, akakunja kingo ndani. Lakini Bosi alikuwa ameshatoka, anajibu simu barabarani, na wifi akasema sukari itachafua viti vya gari, basi watakipitia siku nyingine. Akambusu mama, akamkumbatia Dada, akamwambia ajitahidi kupumzika sasa. Wakili alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni alisita, akasema pole, na kwamba katika miaka yote ya kazi hii hajawahi kuona ushahidi uliokamilika kama ule. Alikuwa na chembe ya sukari kwenye ndevu.

Jirani alikuja kurudisha pasi. Alitazama vyombo, akatazama foili, akaelewa. Akasema shukrani ya punda ni mateke, akaiweka pasi juu ya sanduku la nguo lililokuwa tayari karibu na mlango, akaenda kuanua nguo zake.

Dada akaosha sahani. Kikaango alikiloweka, maana sukari ikikauka haitoki. Saa kumi na moja jua lilikuwa bado linaingia kwa dirisha la jikoni. Mama alikuwa amekwenda kujilaza chumbani kwake, kwenye kile kitanda, akisema anamngoja Bosi arudi kuchukua kipande chake. Kilikuwa cha mwisho, na mpaka kiliwe yeye hana ruhusa ya kuondoka.

Bosi hatarudi. Hilo Dada alilijua, na mama pia, nadhani, alilijua.

Dada akaifungua foili mezani. Akachukua uma. Ilikuwa kazi ya kutafuna mara nne au tano, halafu mlango wa uani ungefungwa wenyewe na nyumba ingekuwa tupu, na kesho saa tatu angempa mtu ufunguo na kutoka bila kumwacha yeyote nyuma. Alikuwa na njaa; tangu alfajiri hakuwa ameonja kitu. Alikuwa na hasira pia, hasira ya miaka kumi na mmoja. Akachoma tufaha. Lilikuwa na lile shimo dogo laini.

Kutoka chumbani mama akaita. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu afe ambalo halikuhusu chakula.

"Nigeuze."

Dada akatazama saa ya ukutani. Saa mbili zilikuwa zimetimia tangu mama akae mezani. Akaweka uma chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kumgeuza.